Fundi wa faiba anakuja nyumbani: iandae kompyuta yako kabla hajapiga hodi

Nyumba nyingi katika miji ya Afrika Mashariki zinahama kutoka bando la simu na modemu ndogo za kuchomeka, kwenda intaneti ya faiba, yaani ile inayofika nyumbani kwa waya wa kioo. Wengine walishakuwa na faiba na sasa wanapandisha kifurushi, pengine kutoka Mbps 10 hadi 50, au kutoka 20 hadi 100. Kwa vyovyote vile, huja siku moja ambayo fundi anafika na ngazi, mzingo wa waya na boksi jeupe, anafanya kazi saa moja au mbili, anakupa karatasi ya kusaini na kuondoka.

Malalamiko mengi huanza jioni ya siku hiyo. Kifurushi kinasema Mbps 50, kompyuta inaonyesha 18. Mteja anapiga simu huduma kwa wateja, anajibiwa kwamba laini yake haina tatizo, na mara nyingi jibu hilo ni la kweli. Kasi imefika salama hadi kwenye boksi. Imepotea katika zile mita chache kati ya boksi na kompyuta, ambazo kampuni haizihesabu kuwa ni kazi yake. Mteja ataendelea kulipia Mbps 50 kila mwezi huku akitumia 18, kwa sababu tu kadi ya mtandao ya kompyuta yake ni ya zamani, au laptopu imejiunga na hotspoti ya simu bila yeye kujua.

Makala hii inaeleza mambo ya kukagua kwenye kompyuta na ndani ya nyumba kabla ya ujio wa fundi, na ya kudai kabla hujasaini.

Kazi ya fundi inaishia wapi

Intaneti ya kasi ilianza kufika pwani yetu kwa nyaya za chini ya bahari. SEACOM ilianza kazi Julai 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, na Kenya ikawa na waya wake wa TEAMS uliotua Mombasa mwaka 2009. Kutoka pwani, data husafiri kwa mikongo ya nchi kavu, kama Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaosimamiwa na TTCL upande wa Tanzania, mpaka kwenye mitambo ya kampuni mjini. Kutoka hapo waya wa kioo huja mtaani kwako, na kwenye nguzo au kabati dogo mwanga wake hugawanywa kwa nyumba kadhaa.

Kioo chenyewe ni chembamba mno, kipenyo chake ni mikromita 125, karibu na unene wa unywele. Mwanga mmoja unakuja nyumbani na mwingine unatoka, yote miwili ikipita ndani ya uzi huo huo bila kugongana, kwa kuwa ni ya masafa tofauti. Boksi analofunga fundi ndilo linalogeuza mwanga huo kuwa intaneti ya waya wa kawaida na ya Wi-Fi.

Fundi anapima nguvu ya mwanga, anaunganisha kioo, anawasha boksi, anasajili namba yake kwenye mfumo wa kampuni na kuona kama taa zinawaka sawasawa. Kwake kazi imekwisha. Hakuja kutengeneza kompyuta, na wengi wao hawaruhusiwi kuigusa. Ndiyo maana maandalizi ya kompyuta ni yako, na yanafaa kufanywa siku mbili tatu kabla, si wakati fundi amesimama mlangoni akiangalia saa kwa sababu ana nyumba nyingine nne za kwenda.

Kompyuta yako inaweza kupokea kasi gani?

Anza na swali hili kabla hata ya kuchagua kifurushi, kwani jibu lake linaweza kukuokolea fedha.

Kwanza tuelewane kuhusu vipimo. Mbps ni megabiti kwa sekunde, na biti nane hufanya baiti moja. Kwa hiyo Mbps 50 hushusha takriban megabaiti 6 kwa sekunde. Filamu yenye GB 1 itachukua chini ya dakika tatu. Ukiona kivinjari kinashusha faili kwa megabaiti 6 kwa sekunde, usidhani umeibiwa, hiyo ndiyo 50 uliyolipia.

Sasa angalia tundu la waya wa mtandao, lile la mraba linalofanana na la simu ya mezani lakini pana zaidi. Kompyuta nyingi za mezani zilizotumika, zile Dell na HP za maofisini zinazoletwa kwa makontena na kuuzwa Kariakoo au Luthuli Avenue, zina tundu hilo na kadi nzuri nyuma yake. Kadi za miaka ya karibuni hupokea hadi Mbps 1,000. Za zamani zaidi huishia 100, na kwa matumizi halisi utapata kama 94. Ili kujua ya kwako, kwenye Windows bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi X, fungua orodha ya vifaa iitwayo Device Manager, kisha tazama majina yaliyo chini ya vifaa vya mtandao. Jina likiwa na neno Gigabit au herufi GbE, ni ya 1,000. Likiwa na Fast Ethernet au 10/100, ni ya 100.

Tatizo la kompyuta hizo za mezani ni jingine: nyingi hazina Wi-Fi kabisa. Watu hugundua hilo siku ya fundi, boksi likiwa limeshafungwa sebuleni na kompyuta iko chumbani. Usipopanga kuvuta waya hadi chumbani, utahitaji kidude cha Wi-Fi cha kuchomeka kwenye USB. Ukinunua, uliza kama kinashika masafa ya 5 GHz, maana vile vya bei ya chini kabisa hushika 2.4 GHz pekee.

Kwa laptopu mambo ni kinyume. Wi-Fi ipo, lakini nyingi mpya na nyembamba hazina tundu la waya. Ukitaka kutumia waya utanunua adapta ya USB, na hapo pia kuna mtego, kwa kuwa adapta nyingi za bei nafuu huishia Mbps 100 hata kama kifurushi chako ni cha 200.

Kuhusu Wi-Fi ya laptopu, kuna amri moja inayomaliza ubishi. Fungua dirisha jeusi la amri (andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia), kisha andika netsh wlan show drivers na ubonyeze kitufe cha kuingiza. Utapata maelezo marefu. Wewe tafuta mstari wenye 802.11 na herufi zinazofuata. Ukiona 802.11ac au 802.11ax, kadi yako inashika 5 GHz na haitakuwa kikwazo kwa vifurushi vya kawaida vya nyumbani. Ukiona inaishia 802.11n na hakuna 802.11a, kadi yako ni ya 2.4 GHz tu. Kadi ya namna hiyo yenye antena moja huunganishwa kwa Mbps 72 kwa karatasi, na ukishatoa hasara za hewani hubaki kama nusu yake. Mwenye laptopu kama hiyo akilipia Mbps 100 ili afanyie kazi kwa Wi-Fi anatupa fedha. Ama avute waya, ama achukue kifurushi cha chini, ama anunue kidude cha nje. Simu na televisheni za nyumbani zinaweza kuifaidi kasi hiyo, ni kweli, ila aliyeiomba kwa ajili ya laptopu atahuzunika.

Umri wa mfumo endeshi nao uuangalie. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 mnamo Januari 14, 2020, na Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kupata nyongeza ya muda ya masasisho ya usalama. Kompyuta iliyokuwa ikiwashwa kwa bando saa moja kwa siku sasa itakuwa mtandaoni mchana na usiku. Kuiacha hivyo na mfumo usiotibiwa tena ni kuacha mlango wazi muda mrefu zaidi ya zamani.

Mazoea ya enzi za bando

Sehemu hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote, na inatuhusu sisi zaidi ya watu wa nchi ambako intaneti isiyo na kikomo ni jambo la miaka mingi. Mtu aliyeishi na bando miaka kumi amejifunza kubana. Amezima masasisho, ameweka alama kwenye Windows kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo, amezuia picha zisipande kwenye hifadhi ya mtandaoni, na huenda aliwahi kumpa kijana wa dukani kompyuta ili afunge kila kitu kinachokula data. Yote hayo yalikuwa na maana wakati ule.

Siku faiba inapowashwa, mambo hugeuka ghafla. Ile alama ya mtandao wa kulipia kwa kipimo hufungwa kwa kila mtandao peke yake. Wi-Fi mpya haina alama hiyo, kwa hiyo Windows inaona njia nyeupe na kuanza kuvuta masasisho ya miezi yote iliyopita. Wakati huohuo OneDrive au Google Drive inaamka na kupandisha maelfu ya picha. Kompyuta inapata joto, feni inalia, kila ukurasa unakwama, na kipimo cha kasi kinaonyesha namba ya aibu. Fundi anaambiwa faiba yake mbovu, kumbe kasi yote inatumiwa na kompyuta yenyewe.

Dawa yake ni kumaliza kazi hiyo mapema. Ukiweza, ipeleke laptopu mahali penye intaneti ya uhakika, iwe ofisini au kwa ndugu, iache ivute masasisho yote na kuzimika na kuwaka mara kadhaa mpaka iseme imekamilika. Isipowezekana, fanya kinyume chake: nenda kwenye mipangilio ya masasisho uyasitishe kwa wiki moja, na usimamishe kwa muda programu za hifadhi ya mtandaoni. Fundi akishaondoka na vipimo vikiwa vimeandikwa, ruhusu kila kitu na uiache kompyuta ikeshe.

Kabla ya masasisho mengi namna hiyo, hamisha nakala ya mafaili yako. Diski ya zamani inayolazimishwa kuandika GB nyingi usiku mmoja ndiyo hasa hufa usiku huo. Picha za harusi, vyeti vilivyoskaniwa, kazi za shule na hesabu za duka vinakiliwe kwenye diski ya nje au flashi, na flashi hiyo ichomolewe na kuwekwa kabatini. Hakikisha pia zimebaki kama GB 20 kwenye diski ya ndani, maana masasisho makubwa hukwama nafasi ikijaa.

Halafu ziko zile modemu za kuchomeka. Kila moja ilikuja na programu yake, na ukitumia za kampuni tatu basi kompyuta ina programu tatu zinazogombea kuunganisha. Ziondoe zile ambazo hutumii tena. Siku ya fundi, chomoa modemu kabisa. Ikibaki kwenye kompyuta inaweza kuendelea kubeba mzigo, ukapima kasi ya simu ukidhani unapima faiba, na bando likaisha juu yake.

Hotspoti ya simu ina mchezo huohuo. Laptopu inaikumbuka na kuikimbilia kila ikiiona. Kabla ya kupima chochote, zima hotspoti za simu zote ndani ya nyumba, au ufute majina yake kwenye orodha ya mitandao iliyokumbukwa. Kuna watu wamelipia faiba mwezi mzima huku laptopu ikila bando la simu ya mtoto.

Mwisho kwa upande wa mipangilio, kompyuta zilizotoka ofisini huwa zimewekewa anwani ya mtandao isiyobadilika au seva ya kupitia. Nyumbani hazitaunganika, au zitaunganika bila kufungua ukurasa wowote. Hakikisha sehemu ya anwani imewekwa kujipatia yenyewe na seva ya kupitia imezimwa. VPN izimwe pia wakati wa kupima, kwa sababu huipeleka data yako ughaibuni kwanza kabla ya kuirudisha.

Boksi likae wapi

Fundi hupenda njia fupi. Waya ukiingia kwa dirisha la sebule, atakwambia, “Mama, hapa nyuma ya TV ndipo panafaa.” Panamfaa yeye. Nyuma ya televisheni, ndani ya kabati la vioo, karibu na friji au kwenye kona ya mwisho ya nyumba ni mahali pabaya kwa Wi-Fi.

Kuta zetu za matofali ya saruji hula mawimbi, na nguzo za zege zenye nondo huyala zaidi. Masafa ya 5 GHz yana kasi kubwa lakini hayapendi kuta, ilhali 2.4 GHz hupenya vizuri zaidi lakini ni ya polepole na yamejaa Wi-Fi za majirani. Kwa nyumba ya vyumba vitatu, ukumbini kwenye ukuta wa katikati, juu usawa wa kichwa, ndipo mahali ninapopapendekeza. Chora mchoro wa nyumba kwenye karatasi siku moja kabla, uweke alama pale unapotaka boksi na pale ilipo kompyuta, na umwonyeshe fundi kabla hajatoboa. Akishatoboa, kuhamisha ni gharama nyingine.

Kompyuta ikiwa ya kazi, ushauri wangu ni waya, hata kama Wi-Fi inafika. Pima umbali kwa kamba, ukifuata kona na fremu za milango, uongeze mita mbili. Mpaka mita 100 waya wa mtandao hufanya kazi bila shida, hivyo ndani ya nyumba umbali si hoja. Hoja ni ubora. Nunua Cat5e au Cat6 ya shaba tupu. Madukani kuna nyaya za alumini zilizopakwa shaba, ni nyepesi na za bei poa, nazo hukatika ndani bila kuonekana na kusumbua baada ya miezi michache. Tazama pia vichwa vyake: kwenye plastiki ile angavu zihesabiwe nyaya ndogo nane. Kukiwa na nne tu, waya huo hautapita Mbps 100 hata ufanyeje.

Ukiwa mpangaji, zungumza na mwenye nyumba mapema kuhusu kutoboa ukuta na njia ya waya nje. Fundi akikuta mabishano getini ataandika kwamba mteja hakuwa tayari, na utarudi mwisho wa foleni.

Umeme

Boksi la faiba ni mashine ya umeme. Linahitaji soketi yake yenyewe, si ya kugombania na pasi. Maboksi mengi hutumia adapta ya volti 12, na siku hizi kuna betri ndogo za akiba za volti hizo zinazoliwasha boksi saa kadhaa umeme ukikatika. Kwa mwenye laptopu ni ununuzi wa maana, kwa sababu waya wa kioo huendelea kupitisha mwanga hata mtaa ukiwa gizani, mradi mitambo ya kampuni ina umeme wake.

Kioo hakipitishi umeme, kwa hiyo radi haiji kwa njia hiyo kama ilivyokuwa kwa nyaya za shaba za simu. Bado inaweza kuja kwa soketi. Kifaa cha kulinda dhidi ya mshtuko wa umeme kiwekewe boksi na kompyuta pamoja.

Siku yenyewe

Awepo nyumbani mtu anayejua neno la siri la kompyuta. Jambo hili linaonekana dogo, lakini fundi hufika saa nne asubuhi wakati baba na mama wako kazini, na anayefungua mlango ni bibi au dada wa kazi. Boksi litafungwa popote, karatasi itasainiwa, na hakuna atakayepima chochote. Ukishindwa kuwepo, omba siku nyingine, au mwachie mtu mzima ule mchoro na kompyuta iliyo tayari, yenye chaji.

Uliza kabla kazi haijaanza kama kuna malipo ya ziada kwa mita za waya zinazozidi. Malipo yoyote yapitie namba rasmi ya kampuni, yasiende kwenye namba ya simu ya fundi.

Wakati anaunganisha, watoto wakae mbali. Mwanga unaopita kwenye kioo hauonekani kwa jicho lakini haufai kutazamwa, na vipande vya kioo vilivyokatwa huingia kwenye ngozi kama miiba. Ncha ya waya isiguswe kwa kidole, maana mafuta ya ngozi yanatosha kufifisha mwanga. Angalia pia asikunje waya kwa kona kali ili upendeze ukutani. Mzunguko mpana kama mdomo wa kikombe ndio salama.

Akimaliza, mwombe akuonyeshe namba ya nguvu ya mwanga kwenye kipimo chake. Itakuwa hasi. Vipokezi vya kawaida vya nyumbani vimeundwa kufanya kazi kati ya takriban -8 na -27, na kadiri inavyokaribia -27 ndivyo mwanga unavyokuwa dhaifu. Ukipewa -26 siku ya kwanza, faiba itafanya kazi, lakini vumbi kidogo au mkunjo mmoja mwaka ujao utaikata. Mwombe kwa upole asafishe kiungo na kupima tena. Andika namba ya mwisho, na upige picha taa za boksi zikiwa nzima. Taa iliyoandikwa LOS isiwake nyekundu, kwani hiyo ndiyo inayosema mwanga umepotea.

Sasa ndipo kompyuta uliyoiandaa inapofanya kazi yake. Ichomeke kwa waya moja kwa moja kwenye boksi, Wi-Fi ya kompyuta ikiwa imezimwa, na hakuna simu nyingine inayotumia mtandao. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uone kama kuna programu inayovuta data kichinichini. Kisha pima kwa Speedtest au fast.com, mara tatu. Andika kasi ya kushuka na ya kupanda. Hapo tu ndipo unapojua kampuni imekuletea nini. Baadaye chomoa waya, pima kwa Wi-Fi ukiwa palepale, halafu nenda chumbani upime tena. Kama kwa waya ni 49 na chumbani ni 15, tatizo ni Wi-Fi yako na unaweza kulijadili na fundi kabla hajaondoka, pengine kwa kusogeza boksi au kutenganisha majina ya 2.4 na 5 GHz ili uchague mwenyewe. Kama hata kwa waya ni 15, usisaini.

Neno la siri la kompyuta usimpe fundi. Akihitaji kuona kitu, andika wewe mwenyewe. Hakuna programu yoyote ya kampuni unayolazimika kufunga kwenye kompyuta ili faiba ifanye kazi, kivinjari kinatosha.

Majina na maneno ya siri

Boksi huja na maneno mawili ya siri, na watu huyachanganya. La kwanza ni la Wi-Fi, lile unalompa mgeni. La pili ni la kuingilia mipangilio ya boksi lenyewe, na mara nyingi limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini yake, au ni neno rahisi linalofahamika na kila mtu. Badilisha yote mawili. Kampuni nyingine hufunga mlango wa mipangilio na kumwachia mteja sehemu ndogo. Uliza una ruhusa ya kubadilisha nini, na uchague ulinzi wa WPA2 au WPA3.

Kwa waliokuwa na ruta ya zamani kuna njia ya mkato: Wi-Fi mpya ikipewa jina lilelile na neno la siri lilelile, printa, televisheni na kamera zitajiunga zenyewe bila kuguswa. Ni njia nzuri, isipokuwa kama neno hilo linajulikana mtaa mzima. Katika hali hiyo anza upya, hata kama itakuchukua mchana kuzunguka kifaa kimoja baada ya kingine.

Rudia kipimo saa mbili au saa tatu usiku, wakati mtaa mzima unatazama filamu. Mwanga unaogawanywa kwa nyumba nyingi unaweza kulemewa, na kushuka kidogo ni kawaida. Ikishuka hadi chini ya nusu usiku baada ya usiku, una vipimo vya kwa waya, vyenye tarehe na saa, vya kupeleka kwa kampuni, na ukikosa jibu, kwa mdhibiti: TCRA kwa Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya. Malalamiko yenye namba husikilizwa tofauti na yale ya “mtandao uko slo.”

Kifaa cha kampuni ya zamani kirudishwe na upewe risiti, la sivyo ankara zinaweza kuendelea kuja. Modemu yako mwenyewe ya kuchomeka usiitupe. Iweke kwenye droo kwa ajili ya siku ambayo greda litakata waya mtaani, na uitie bando dogo mara mojamoja, kwa sababu laini isiyotumika miezi kadhaa hufungwa.